Bei ya Kusikiliza

Muziki haujawahi kuwa wa bure nyumbani kwetu. Vijana wanaoufungua kwenye simu hudhani umewajia hivi hivi, kwa sababu hakuna aliyewakabidhi risiti, lakini mimi ninayelipia umeme, bando na king'amuzi cha nyumba nzima najua kwamba kila wimbo unaolia sebuleni umepita kwanza mfukoni mwangu. Kilichobadilika tangu utoto wangu ni mahali pa kulipia. Zamani tulilipa dukani, mara moja, tukajua tumeumia kiasi gani. Siku hizi tunalipa kidogo kidogo, kwa njia nyingi, na ikifika mwisho wa mwezi hakuna mtu mezani anayeweza kutaja jumla.

Nilikulia Morogoro, mji wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, na nyumba yetu ilikuwa na redio moja tu: National ya bendi mbili, yenye kava la ngozi lililotobolewa matundu mbele ya spika. Ilikula betri kubwa nne. Betri hizo zilitengenezwa hapa hapa nchini, kwenye kiwanda cha Matsushita jijini Dar es Salaam, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera na fedha za kigeni kuadimika, kuwa na kiwanda na kuwa na betri yalikuwa mambo mawili tofauti. Betri zilipatikana kwa foleni au kwa kujuana. Tulizitunza kweli kweli. Zilipochoka tulizitoa tukazianika juani juu ya bati, na jioni zilikuwa zimerudisha nguvu kidogo, za kutosha taarifa ya habari ya saa mbili na nyimbo chache baada yake. Baba alikuwa na sheria zake: redio ifunguliwe kwa habari, kwa matangazo ya vifo, na kwa muziki mwisho wa wiki. Ukimkuta mtu ameiacha ikilia peke yake chumbani, siku hiyo mna kesi.

Ilikuwa redio au hakuna kabisa. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Santuri za wanamuziki wetu zilitengenezwa Nairobi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka Novemba 1983. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, na sisi wa mji wake tulibaki kumsikiliza kwa hisani ya Redio Tanzania. Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978, Juwata iliyotokana na NUTA Jazz, Vijana Jazz, Maquis: bendi zote hizo ziliingia studio za Redio Tanzania kurekodi kwa ajili ya matangazo, na nyimbo nyingi hazikuwahi kuwa santuri. Zilikaa kwenye tepu za redio. Anayetaka kuzisikia tena angoje mtangazaji akumbuke kuzipiga.

Ndipo ikaja redio kaseti. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa wamezitoa wapi, na maduka yaliyokuwa yamebaki na rafu tupu yakaanza kujaa tena. Mjomba wangu alikuwa baharia. Alituletea mashine ya milango miwili, nyeusi, yenye taa nyekundu iliyorukaruka kufuata sauti, na baba akamlipa kwa awamu mpaka deni likaisha. Sikumbuki kitu kingine chochote cha nyumba ile kilichonunuliwa kwa kujinyima kiasi kile, wala kilicholeta furaha kiasi kile.

Kaseti tupu zilikuwa za dakika 60 au 90. Ya 90 ilipendwa kwa kuwa ilibeba nyimbo nyingi, ingawa utepe wake ulikuwa mwembamba na ulikatika upesi. Kurekodi kutoka redioni ilikuwa kazi ya subira. Unakaa na vidole viwili juu ya vitufe, kile chekundu na kile cha kuchezea, unamsikiliza mtangazaji anavyoutambulisha wimbo, na anaponyamaza unabonyeza vyote kwa pamoja. Muziki wa dansi wa wakati ule ulikuwa mrefu. Wimbo mmoja ungeweza kwenda dakika saba au nane, kwanza maneno, kisha magitaa yanabadilika na watu wanaanza kucheza. Mtangazaji aliyekata kabla ya sehemu ile alikuwa amekuharibia utepe na jioni nzima. Ukishapata wimbo mzuri, ulivunja vile vijino viwili vya plastiki nyuma ya kaseti ili mtu asiufute. Na siku ukiamua kuufuta, uliziba tundu kwa karatasi iliyokunjwa, mashine ikakubali.

Jambo ninalolikumbuka kwa karibu zaidi ni skrubu. Pembeni ya kichwa cha kusomea utepe kulikuwa na skrubu ndogo sana yenye springi chini yake. Kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine ilipolia kwa sauti ya kuzibwa, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, haikuwa mbovu. Kichwa kilikuwa hakijalala sawa na utepe. Fundi wetu wa pale sokoni alinifundisha: washa kaseti, ingiza bisibisi nyembamba, zungusha taratibu huku unasikiliza kayamba. "Kijana, usisikilize mwimbaji," aliniambia, "mwimbaji atakudanganya. Sikiliza kayamba, ikichangamka acha hapo hapo." Ikichangamka, wimbo mzima ulifunguka. Alinifundisha pia kusafisha kichwa kwa pamba na spiriti, na kutambua mkanda wa mpira uliolegea: sauti inavuta, magitaa yanapinda. Mkanda mpya ulikuwa wa bei ndogo, na kazi ya kuubadilisha haikuzidi muda wa kunywa kikombe cha chai.

Mashine ile ilimtoa baba jasho siku ya kuinunua, halafu ikaishi miaka mingi kwa mikanda, pamba na spiriti. Nimepima kila kifaa nilichonunua baadaye kwa kipimo hicho, na vichache vimefaulu.

Thamani ya shilingi ilikuwa inakwenda upande mwingine. Mwanzoni mwa mwaka 1986, kabla ya mageuzi ya uchumi yaliyokubaliwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, dola moja ilikuwa shilingi 17 hivi. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,500. Mtu anayenunua televisheni, simu au spika Kariakoo ananunua dola iliyovaa nguo ya shilingi, na ndiyo maana mfanyabiashara anaweza kukutajia bei tofauti wiki hii na wiki ijayo kwa boksi lile lile ambalo halijasogezwa kwenye rafu. Siwalaumu. Lakini mwenye mshahara unaoongezeka kwa kusuasua lazima alijue hilo kabla hajaingia dukani.

Miaka ya 1990 ilikwenda mbio. Mwaka 1994 Radio One na ITV zilianza, na Tanzania Bara ikapata televisheni, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar, ambayo ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Nilihamia Dar es Salaam, nikaoa, nikanunua TV ya chogo na deki. Sahani za CD zilikuja na sifa nyingi: haziliwi na mashine, hazivuti, haziishi. Zilikwaruzika kama kitu kingine chochote kwenye nyumba yenye watoto na mchanga, na tofauti na kaseti, fundi hakuwa na la kufanya. Zaidi ya hayo sina la kusema juu ya CD, isipokuwa kwamba ndizo zilizofungua mlango wa MP3.

Mlango huo ndio uliobadili kila kitu. MP3 ni njia ya kuubana muziki, iliyobuniwa na watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani na wenzao, na jina lenyewe la faili lilichaguliwa mwaka 1995. Kwa kiwango cha kawaida cha enzi zile, dakika moja ya wimbo ilichukua megabaiti moja hivi. CD iliyobeba dakika 80 za muziki ikawa inabeba nyimbo zaidi ya 100. Deki mpya za DVD zikazisoma, sabufa zikaingia sebuleni, na barabarani vijana wakatembeza sahani za mchanganyiko kwa bei iliyo chini ya kaseti moja halali. Baadaye sahani nayo ikapitwa. Mtu alikwenda kwenye kibanda chenye kompyuta, akakabidhi memori kadi au flashi, akasema anataka taarabu na zilipendwa, akarudi baada ya nusu saa ikiwa imejaa.

Jirani yangu wa wakati ule alikuwa mzee aliyepuliza tarumbeta kwenye mojawapo ya bendi kubwa za dansi. Alikuwa ameacha muziki, anaishi kwa genge dogo la mboga mbele ya nyumba yake. Siku moja mwanangu wa kiume alikuja na sahani ya zilipendwa, tukaiweka, na mzee aliposikia akaja akasimama mlangoni. Nikamkaribisha. Alisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, akaomba urudiwe. Sehemu ya tarumbeta ilipofika aliinua mkono, akawa anabonyeza hewa kwa vidole vitatu.

"Huyu ni mimi," alisema. "Na solo hili ni la marehemu mwenzangu. Sahani hiyo imeandikwa nani?"

Mwanangu akaigeuza kava. Jina la bendi halikuwepo. Jina la wimbo lilikuwa limekosewa herufi. Kulikuwa na picha ya msichana iliyokatwa kwenye gazeti fulani, na namba ya simu ya aliyedurufu.

"Mjukuu wangu, aliyekuuzia umemlipa ngapi?"

Mwanangu akamtajia. Mzee akatikisa kichwa, hakusema neno baya. Alisema tu kwamba angependa jina la bendi liandikwe. Fedha hakuzitaja kabisa, ingawa ni yeye aliyekuwa na haki ya kuzitaja.

Tangu siku ile siwezi kusikia mtu akisema muziki wa kidijitali umeshusha bei bila kujiuliza ni nani aliyelipia punguzo hilo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, ikaundwa chini yake, na mwaka 2013 ukaanza utaratibu wa kubandika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu. Hatua hizo zilikuwa za haki. Lakini stempu ilibandikwa kwenye sahani, na wakati huo muziki ulikuwa tayari umeshuka kutoka kwenye sahani, uko kwenye kadi ndogo kuliko ukucha, unahama kutoka simu hadi simu. Watoto walikuwa na neno lao: "nirushie." Wimbo ulirushwa, na mpulizaji hakupata kitu.

Usiku wa manane wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. TV yetu ya chogo haikuwa na kasoro yoyote, picha yake ilikuwa safi, lakini asubuhi ya mwaka mpya haikuonyesha chochote bila king'amuzi. Nilikuwa nimeshanunua kimoja. Ninakubali kwamba picha na sauti vilikuwa bora na chaneli ziliongezeka. Ninachosema ni kwamba siku ile televisheni iliacha kuwa kitu unachonunua ikawa kitu unachokodi. Kampuni tuliyojiunga nayo ilikuwa na vifurushi vya majina mazuri, na kila baada ya muda chaneli tuliyoipenda ilihamishwa kutoka kifurushi cha chini kwenda cha juu. Bei ya kifurushi chetu ilibaki vile vile kwa miezi kadhaa, ila ndani yake mlizidi kupungua. Mama watoto ndiye aliyeligundua hilo kabla yangu. "Hawajapandisha bei," alisema, "wamepunguza kipimo." Ni maneno ya mtu anayenunua mchele na mafuta ya kula kila wiki.

Ni yeye pia aliyeanzisha daftari la matumizi. Mwaka 2021 ulikuwa mwaka wa pekee kwa mnunuzi wa Tanzania, na nadhani wengi wameshasahau mambo yalivyofuatana. Mwezi Februari, Spotify ilifika rasmi katika nchi zetu za Afrika Mashariki, kwa hiyo dunia nzima ya muziki ikawa ndani ya simu. Mwanzoni mwa Aprili, bei mpya za vifurushi vya intaneti zilipanda ghafla, watu wakapiga kelele, zikasitishwa mara moja. Julai zikaja tozo za miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa, zilizopunguzwa Septemba baada ya malalamiko. Agosti kodi ya majengo ikaanza kukatwa kupitia Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mei iliyofuata, lita ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000, na kila kilichobebwa na gari kikapanda nayo.

Kila moja kati ya hizo, ukiitazama peke yake, ni ndogo. Ndiyo maana tukaziandika pamoja. Kila mtu nyumbani alitakiwa kuandika alichonunua: bando la siku, bando la wiki, king'amuzi, uniti za Luku, makato ya kutuma na kutoa. Watoto walikuwa wagumu mwanzoni, si kwa ukaidi, bali kwa sababu bando la asubuhi mtu hulinunua kabla hata hajafungua macho vizuri. Tulipojumlisha mwezi wa kwanza, vifurushi vya simu za nyumba nzima pamoja na king'amuzi vilizidi umeme na maji vikiwekwa pamoja. Sebule ikawa kimya kwa muda. Hakuna aliyekuwa mbadhirifu kati yetu. Kila mmoja alikuwa amelipa kidogo.

Tukaanza kutafuta fedha zinakopotelea. Binti yangu alikuwa anasoma usiku huku anasikiliza muziki, na aliusikiliza kupitia video: anawasha, anaigeuza simu kifudifudi mezani, anaendelea na vitabu. Alikuwa analipia picha zisizoonwa na mtu. Tukafanya hesabu pamoja. Sauti peke yake, kwa kiwango cha kilobiti 96 kwa sekunde, inakula megabaiti 43 hivi kwa saa. Ukipandisha mpaka 320, saa hiyo hiyo inakula 144. Video, hata ya ubora wa wastani, inakula mara kadhaa ya hapo. Na kwa spika ya simu, au sikioni ndani ya daladala, sijaona mtu anayeweza kutofautisha 320 na 160. Mipangilio hiyo imo ndani ya programu yenyewe, kurasa mbili tatu ndani, na inachukua dakika moja kuibadilisha.

"Kwa nini hawatuambii mwanzoni, baba?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu la kumtetea mtu. Anayekuuzia bando hana haraka ya kukufundisha kulibana.

Binti alijiunga na huduma ya kulipia kwa mwezi, tukakubaliana kwamba ni sawa, maana huko angalau kuna hesabu ya kumfikia mwenye wimbo, hata kama ni kidogo. Alijipangia orodha ya taarabu za zamani za Unguja kwa ajili ya bibi yake. Baada ya muda, nusu ya orodha ikafifia rangi. Majina yalikuwepo, lakini ukiyabonyeza hayalii. Mkataba wa haki kati ya huduma ile na mwenye nyimbo ulikuwa umebadilika, basi. Hata zile alizozihifadhi kwenye simu hazikuwa zake: kwenye Spotify, kwa mfano, unatakiwa uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo ulichohifadhi hakifunguki. Na bei yenyewe haikai. Huko Marekani kifurushi cha mtu mmoja kilikaa dola 9.99 kwa zaidi ya miaka kumi, kikapanda Julai 2023 hadi 10.99, na mwaka uliofuata 11.99. Ukishazoea kukodi, huna kabati la kurudia siku bei ikikushinda.

Kaseti ya baba yenye vijino vilivyovunjwa haikuwahi kumwomba mtu ruhusa.

Kisha ikaungua televisheni. Ilikuwa ile janja, bapa, yenye intaneti ndani, tuliyoinunua kwa kuweka akiba. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kioo kikawa cheusi. Nilimpelekea fundi wa mtaani kwetu, kijana hodari. Alifungua skrubu za nyuma, akanionyesha bodi moja ya kijani yenye doa jeusi.

"Shikamoo mzee, samahani kukupa habari hii," alisema. "Zamani ningebadilisha kifaa kimoja tu hapa, cha elfu mbili tatu. Hii imeungana yote. Bodi yake inaagizwa, na bei yake ni karibu na TV mpya."

Hata kabla haijaungua, programu mbili za muziki zilikuwa zimeshaacha kufanya kazi ndani yake, kwa sababu mtengenezaji aliacha kuzihuisha. Kioo kizima, spika nzima, lakini kitu kimeshaitwa cha zamani. Nilikaa kwenye benchi la fundi nikamfikiria yule wa Morogoro na bisibisi yake. Ufundi haujapungua. Huyu kijana anajua mengi kuliko yule. Waliopungua ni watengenezaji wanaomwachia fundi nafasi ya kufanya kazi yake.

Tangu hapo nanunua kwa utaratibu mwingine. Kabla ya kwenda Kariakoo napita kwanza kwa fundi, namuuliza ni aina gani anaiona mara chache mezani kwake, na spea za ipi zinapatikana. Sinunui chombo cha umeme bila kununua na kinga yake siku hiyo hiyo. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na bodi. Nimeacha kununua televisheni kwa ajili ya ujanja wake. Nanunua kioo kizuri chenye matundu ya kutosha ya kuchomekea, ujanja utoke kwenye kifaa kidogo cha pembeni kinachobadilishika. Simu nachagua yenye nafasi ya memori kadi. Na redio ya FM, ambayo vijana wameisahau, bado inalia bila bando, na saa za usiku ina muziki mzuri kuliko orodha nyingi zinazopangwa na kompyuta.

Kwa upande wa muziki, tunakodi tunachotaka kukijaribu na tunanunua tunachokipenda. Wimbo tunaojua tutausikiliza miaka kumi ijayo tunautafuta mahali unapouzwa kama faili, tunalipa, tunauhifadhi kwenye diski mbili zilizo nyumba mbili tofauti. Bendi ikipiga jirani tunakwenda na kulipa kiingilio. Hiyo ndiyo fedha pekee ninayoweza kuona kwa macho yangu ikimfikia mpigaji.

Ningependa pia wauzaji walazimishwe kuandika bei ya mwaka mzima pembeni ya bei ya mwezi, kwa herufi za ukubwa ule ule: king'amuzi hiki ni kiasi hiki, na kukitazama kwa mwaka ni kiasi hiki. Ningependa bando lililonunuliwa kwa fedha halali libaki kuwa mali ya aliyelinunua mpaka alimalize. Wateja tuna haki ya kuyadai hayo, na kelele za Aprili 2021 zilionyesha kwamba tukidai kwa pamoja tunasikika.

La mwisho ni ombi kwa msomaji mwenye umri wangu, au aliyerithi sanduku la mzazi. Usitupe kaseti. Nyimbo nyingi zilizopigwa studio za Redio Tanzania hazikuwahi kuuzwa popote, na ile nakala iliyorekodiwa redioni na mama yako jioni moja ya mwaka 1985 huenda ni miongoni mwa chache zilizobaki. Hewa ya pwani inazila: utepe unaota ukungu mweupe, na kile kisponji kidogo kinachosukuma utepe kwenye kichwa kinabanduka. Kikibanduka, hamishia utepe kwenye ganda jingine lenye skrubu, ni kazi ya dakika chache. Tafuta redio kaseti nzima, safisha kichwa kwa pamba na spiriti, zungusha ile skrubu ndogo mpaka kayamba ichangamke, kisha chomeka waya kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta. Programu ya Audacity hailipiwi. Rekodi kwanza bila kubana. Dakika moja itachukua megabaiti 10 hivi, na kaseti ya dakika 90 itaingia kwenye flashi ya kawaida na nafasi ikabaki. MP3 utaitengeneza baadaye kutoka hapo.

Andika jina la bendi. Andika majina ya wapigaji unaowajua, na mwaka kama unaukumbuka. Na kama mmoja wao bado yu hai mtaani kwenu, nakala ya kwanza mpelekee yeye.